Kizuri chajiuza? Mkoa unavyojinadi kwa wawekezaji na watalii

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii husikika sana mkoa unapojadili bajeti ya kujitangaza, na mara nyingi anayeitoa ni yule anayetaka fungu hilo likatwe. Ana nusu ya hoja. Ni kweli kwamba mkoa wenye barabara mbovu, ardhi yenye migogoro na fukwe chafu hauokolewi na vipeperushi. Lakini maporomoko ya maji hayapigi simu, na bonde lenye rutuba haliwezi kumweleza mwenye mtaji aliye bara jingine kwamba hapo pana maji mwaka mzima na hati za viwanja hutoka kwa wakati. Hayo lazima yasemwe na mtu. Swali ni nani ayaseme, amwambie nani, na kabla ya kufungua kinywa awe ametengeneza nini nyumbani.

Swali hili huonekana jepesi kwa sababu tumezoea kuona upande wake wa nje: kongamano, mabango, video ya droni ikipita juu ya milima, kiongozi akikata utepe. Kazi yenyewe iko nyuma ya hayo, na imejaa mambo yanayovutana. Kuna mamlaka ya mkoa na mamlaka ya serikali kuu. Kuna mgeni wa siku 3 na mgeni wa miaka 30. Kuna kodi inayosamehewa leo na shule itakayokosa madawati kesho.

Mkoa una nini mkononi?

Mkoa si nchi. Hauchapishi fedha, hautoi viza, na mahali pengi hauamui kiwango cha kodi ya makampuni. Mambo yanayotajwa kwanza majukwaani, kama utulivu wa sarafu, ukubwa wa soko na mikataba ya biashara na nchi nyingine, ni ya taifa zima. Mkoa jirani nao unayasema hayohayo. Ukisimama mbele ya mwekezaji ukamsomea sifa za nchi, umemfanyia jirani yako kazi bure.

Kilicho mkononi mwa mkoa ni vitu vya chini zaidi: mipango ya ardhi, vibali vya ujenzi, maji, barabara za ndani, vyuo vya ufundi, usafi, usalama wa mitaani, kasi ya maofisa wake. Havipendezi kwenye picha. Lakini mwekezaji akishaichagua nchi, hivi ndivyo vinavyomwelekeza aende mkoa upi, na mtalii akishashuka kwenye ndege, hivi ndivyo vitakavyomfanya arudi au awaonye wenzake.

Na pale ambapo mamlaka hayatoshi, kazi ya kwanza ya kujinadi huelekezwa ndani, kwa serikali kuu. Watu wengi hudhani mafanikio ya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, yalianza kwa kuwaita wageni. Yalianza kwa ombi. Aprili 1979, Xi Zhongxun, aliyekuwa akiuongoza mkoa huo, aliuambia uongozi wa juu jijini Beijing kwamba Guangdong ipewe nafasi ya kujiamulia zaidi mambo yake ya uchumi, itumie ujirani wake na Hong Kong na Makau. Mkoa ulikuwa maskini, na vijana walikuwa wakihatarisha maisha kuvuka kwenda Hong Kong, wengine kwa kuogelea. Deng Xiaoping, kiongozi mwenye nguvu zaidi nchini humo wakati huo, aliunga mkono. Agosti 1980 kanuni za maeneo maalumu ya kiuchumi ya mkoa huo zikapitishwa, Shenzhen ikiwa mojawapo.

Tazama basi kilichouzwa pale. Kodi ya mapato ya asilimia 15, ndiyo, lakini pia ruhusa ya kuajiri na kulipa kwa utaratibu uliokuwa haujazoeleka China, na ardhi ambayo mgeni aliweza kuitumia kwa mkataba. Tarehe 1 Desemba 1987 Shenzhen iliendesha mnada wa hadhara wa haki ya kutumia ardhi, wa kwanza nchini humo tangu mwaka 1949. Wawekezaji wa mwanzo wengi walitoka ng'ambo ya mpaka, Hong Kong, wengi wao watu wenye asili ya Guangdong, wanaozungumza Kikantoni na wenye mashangazi na wajomba katika vijiji vilevile. Mkoa haukuanza kwa kuitangazia dunia nzima. Ulianza na jamaa. Shenzhen, iliyokuwa na watu wapatao 300,000 mwaka 1979, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya milioni 17 katika sensa ya mwaka 2020.

Mikoa mingi ina watu wake walio nje, na mingi huwakumbuka wakati wa michango tu. Hao wanajua lugha, wanajua majira, wanajua ni ofisi gani hukwamisha. Mgeni kamili huhitaji miaka kuyajua hayo, na akiyajua kwa kuumia, hatoi nafasi ya pili.

Anachouliza mwekezaji

Kosa jingine kubwa ni kumwita mwekezaji kana kwamba ni mtu mmoja. Wako wanaofuata soko: anayejenga kiwanda cha saruji anataka kujua majengo mangapi yatajengwa hapo katika miaka 10 ijayo. Wako wanaofuata mali ya asili, madini au udongo au samaki, na hao huja hata barabara ikiwa mbovu, kwa sababu dhahabu haihamishiki. Wako wanaozalisha ili wauze nje, ambao kwao siku 2 za kuchelewa bandarini ni hasara kubwa kuliko kodi. Na wako wanaofuata ujuzi, wanaokwenda palipo na wahandisi. Kijitabu kimoja cha "fursa" kinachowasemesha wote hawa kwa pamoja hakimsemeshi yeyote.

Tuingie sasa katika siku ya ziara, kwa maana ndipo mambo huamuliwa. Timu huwa ya watu watatu au wanne. Mara nyingi hawataji kampuni yao. Mradi una jina la siri, nao wanazungumza na mikoa mitano kwa wakati mmoja. Hawakai sana ukumbini. Wanaomba kwenda kwenye kiwanja. Wakifika, mmoja anauliza kituo cha kupozea umeme kiko kilomita ngapi kutoka hapo, na kama kuna kumbukumbu za kukatika kwa umeme kwa miezi 24 iliyopita: mara ngapi, kwa dakika ngapi. Mwingine anaangalia mche mbichi wa mahindi uliobaki pembezoni na kuuliza, huyu aliyekuwa akilima hapa amelipwa fidia? Risiti iko wapi? Wa tatu anataka kujua maji machafu ya kiwanda yatakwenda wapi, na wafanyakazi wa zamu ya usiku watarudi nyumbani kwa usafiri gani saa 6 usiku.

Mwenyeji asiyejiandaa hujibu kila swali kwa neno moja: tutalishughulikia. Analisema kwa nia njema. Lakini katika daftari la mgeni panaandikwa kwamba jibu hakuna, na jioni, wenyeji wanapoagana na wageni wakiamini ziara imekwenda vizuri, mkoa tayari umeondolewa kwenye orodha. Mwenyeji aliyejiandaa ana faili la kiwanja lenye hati, ramani, matokeo ya vipimo vya udongo, barua ya shirika la umeme na orodha ya waliolipwa fidia. Faili la namna hiyo huchukua mwaka kuandaliwa, na gharama yake ni ndogo kuliko banda moja kwenye maonyesho ya kimataifa. Ningekuwa na uwezo wa kuhamisha fungu moja tu katika bajeti ya kujinadi ya mkoa wowote, ningelitoa kwenye banda nikalipeleka kwenye faili.

Mfano unaotajwa sana katika taaluma hii ni wa Kosta Rika, ambayo ni nchi, lakini yenye eneo la kilomita za mraba 51,000 hivi, ukubwa ambao mahali pengi ni wa mkoa. Mwaka 1996 kampuni ya Intel ilikuwa ikitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kuunganisha na kupima chipu za kompyuta. Katika orodha yake zilikuwemo Brazili, Meksiko na Chile, pamoja na nchi za Asia. Kosta Rika haikupewa nafasi kubwa. Shirika lake la kuvutia wawekezaji, CINDE, lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na utaratibu mmoja mzuri: kila swali lilipelekwa kwa mwenye mamlaka ya kulijibu, na jibu lilirudi. Wageni walipotia shaka kuhusu umeme, walikaa meza moja na shirika la umeme kuzungumzia kituo cha kupozea na bei. Shaka ilipohamia kwenye mafundi, watu wa elimu na chuo cha teknolojia wakaitwa kupanga kozi mpya. Rais José María Figueres alishiriki mwenyewe katika mazungumzo. Novemba 1996 Intel ikatangaza kuichagua Kosta Rika.

Hadithi hii ina sehemu ya pili ambayo husahaulika. Mwaka 2014 Intel iliamua kuhamishia Asia kazi ile ya kuunganisha na kupima chipu, na ajira zipatazo 1,500 zikaenda nayo. Kama nchi ingekuwa imesimama juu ya kampuni moja, ingeanguka. Lakini kwa miaka ile karibu 20 vyuo vilikuwa vimefundisha mafundi na wahandisi, sifa ilikuwa imesambaa, na watengenezaji wa vifaa tiba walikuwa wamekwishaingia. Vifaa hivyo sasa ni miongoni mwa bidhaa zinazoongoza kwa mauzo ya nchi hiyo nje. Mwekezaji wa kwanza alikuwa ni ushahidi kwa waliofuata.

Ndiyo maana wajuzi wa kazi hii hukazia jambo ambalo halina sherehe yoyote: kumtunza aliyekwisha kuingia. Sehemu kubwa ya uwekezaji mpya mahali popote hutoka kwa kampuni zilizopo zinazopanua shughuli. Na mgeni mtarajiwa, kabla ya kupanda ndege, humpigia simu mwenye kiwanda aliyeko huko na kumuuliza: ndugu, kwa kweli pakoje? Jibu la simu hiyo lina uzito kuliko hotuba yoyote.

Msamaha wa kodi na bei yake

Mkoa unapoona mwekezaji anasitasita, kishawishi cha kwanza ni kumpunguzia kodi, tozo au bei ya ardhi. Si kosa kila mara. Kwa yule anayezalisha kwa ajili ya soko la nje na ambaye maeneo mawili yanalingana kwa kila kitu, unafuu unaweza kuinamisha mizani. Lakini kwa anayefuata madini au soko la hapohapo, msamaha ni zawadi kwa mtu ambaye angekuja vyovyote vile. Na unafuu haufidii upungufu wa msingi. Kampuni isiyopata umeme wa uhakika haipati faida, na isiyo na faida haina kodi ya mapato ya kusamehewa.

Hatari nyingine ni mikoa kushindana kwa kushusha. Mmoja anatoa miaka 5, jirani anatoa 10, wa tatu anaongeza ardhi bure. Mwekezaji, bila kosa lolote, anangoja. Mwishowe mmoja anampata, naye amebaki bila mapato ya kukarabati barabara ambayo malori ya kiwanda yataichimba.

Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin, Marekani, liliahidi unafuu wa karibu dola bilioni 3 kwa kampuni ya Foxconn, ijenge kiwanda cha skrini cha dola bilioni 10 chenye ajira 13,000. Mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya: uwekezaji wa dola milioni 672, ajira 1,454, unafuu usiozidi dola milioni 80. Kilicholinda hazina ya jimbo ni kifungu kimoja cha busara katika mkataba wa awali, kwamba unafuu utolewe ajira zikishaonekana. Waliobanwa zaidi ni serikali za chini. Kijiji cha Mount Pleasant na kaunti yake walikwishakopa na kutumia mamia ya mamilioni ya dola kwa ardhi, barabara na maji, na familia zilikwishahama nyumba zao. Baadaye, mwaka 2023, kampuni ya Microsoft ilinunua sehemu ya ardhi hiyo iliyokwisha kuwekewa miundombinu ili ijenge kituo cha data. Kwa hiyo fedha zote hazikupotea, lakini ndoto iliyouzwa kwa wananchi haikuwa hiyo.

Kuna badiliko jipya linalopunguza thamani ya msamaha wa kodi. Mwaka 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana juu ya kiwango cha chini cha kodi cha asilimia 15 kwa makampuni ya kimataifa yenye mapato ya kuanzia euro milioni 750 kwa mwaka. Maana yake, kwa lugha nyepesi, ni hii: ukiitoza kampuni kubwa asilimia 5 kwako, nchi nyingine inayotekeleza makubaliano hayo inaweza kuidai asilimia 10 iliyobaki. Umesamehe, na aliyefaidika ni hazina ya watu wengine. Makubaliano hayo bado yanavutwa huku na huku, ila mkoa unaotaka kutegemea msamaha kama silaha yake kuu unapaswa kuyajua.

Mtalii si mwekezaji mdogo

Wengi huviweka vitu hivi viwili katika ofisi moja, na ni sawa, mradi ijulikane kwamba ni wageni tofauti. Mwekezaji huamua kwa miezi, akiwa na wanasheria. Mtalii huamua akiwa kitandani na simu, usiku mmoja. Mwekezaji anataka mahali panapotabirika. Mtalii anataka mahali pasipofanana na kwao, lakini penye choo safi.

Na kabla ya hamu yake, kuna njia. Mkoa unaofikiwa kwa ndege mbili na mwendo wa saa 7 kwa basi unashindana na mkoa unaofikiwa kwa ndege moja, hata kama milima yake ni mizuri mara mbili. Western Cape, Afrika Kusini, ambako shirika la mkoa linaloitwa Wesgro hushughulikia utalii, biashara na uwekezaji kwa pamoja, waliliona hili. Mwaka 2015 walianzisha mpango wa kutafuta safari za moja kwa moja kuja Cape Town. Kazi ya namna hii hufanywa kwa takwimu kuliko kwa mabango. Shirika la ndege huonyeshwa ni abiria wangapi wanaofika mkoani kwa kupitia viwanja vingine, wanatoka miji gani, msimu gani, na mizigo gani ingeweza kujaza tumbo la ndege wakati wa kurudi. Hapo wawekezaji na watalii wanakutana: ndege ileile iliyoleta wapiga picha huondoka na matunda na samaki.

Kisha kuna suala la fedha kubaki. Mkoa hupenda kutangaza idadi ya waliofika, lakini idadi haijengi zahanati. Mtalii akinunua safari nzima kwao, fedha ya tiketi inabaki kwa shirika la ndege, kamisheni inabaki kwa wakala, hoteli inaweza kuwa ya mmiliki wa mbali, na hata mboga zinaweza kuwa zimesafirishwa. Kinachobaki mkoani ni mishahara, ada, tozo na vile vinavyonunuliwa hapohapo.

Chukua nyanya. Hoteli iko kilomita 6 kutoka kwa mkulima, na bado inanunua nyanya kutoka mji mkuu. Ukimuuliza mnunuzi wa hoteli, hatakwambia kwamba anamdharau mkulima. Atakwambia anahitaji kilo zilezile kila siku, saa 11 alfajiri, zenye ukubwa unaolingana, pamoja na risiti inayokubalika kwa mhasibu. Ukimuuliza mkulima, atakwambia hoteli inalipa baada ya siku 60, na yeye ada ya shule haingoji siku 60. Hakuna tangazo la utalii linaloweza kuziba pengo hilo. Linazibwa na ushirika unaokusanya mazao ya wakulima 40, chumba cha baridi, na mkopo mdogo wa kumlipa mkulima siku ileile. Kwa maoni yangu hii ni kazi ya utalii kuliko bango lolote la uwanja wa ndege, ingawa ni nadra kuiona kwenye bajeti ya utalii.

Rwanda walichukua njia ya wachache wanaolipa zaidi. Kibali cha kuwatembelea sokwe wa milimani kaskazini mwa nchi kilipandishwa hadi dola 1,500 mwaka 2017. Wageni hawazidi 8 kwa kundi moja la sokwe, nao hukaa saa 1. Mwaka huohuo mgawo wa mapato ya hifadhi unaokwenda kwa jamii jirani ulipandishwa kutoka asilimia 5 hadi 10. Njia hii haifai kila mahali. Inafaa pale ambapo kitu hakipatikani kwingine na hakivumilii wengi. Ufuo wa kawaida ukiutoza bei hiyo, utabaki na upepo wake.

Kisiwa cha Boracay, mkoani Aklan huko Ufilipino, kilionyesha kinachotokea mkoa unapofanikiwa kuita bila kujua uwezo wake wa kupokea. Mchanga wake mweupe uliandikwa katika majarida ya dunia nzima. Wageni wakamiminika, hoteli zikaongezeka, na baadhi ya majengo yakawa yanamwaga maji taka moja kwa moja baharini kupitia mabomba yaliyofukiwa chini ya mchanga uleule wageni walioufuata. Ufuo ukaota mwani wa kijani. Mwaka 2018 Rais Rodrigo Duterte alikilinganisha kisiwa na shimo la maji machafu, na kuanzia 26 Aprili hadi 26 Oktoba mwaka huo kikafungwa kwa watalii. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kipato cha miezi 6. Kilipofunguliwa kiliwekewa ukomo: wasizidi watalii 19,215 kwa wakati mmoja, na 6,405 wanaoingia kwa siku. Hesabu hiyo ingeweza kupigwa kabla ya bomba la kwanza kufukiwa.

Bali, ambayo nayo ni mkoa, wa Indonesia, sasa inamtoza kila mtalii wa kigeni rupia 150,000 tangu Februari 2024, baada ya sheria ya mwaka 2023 kuupa mkoa mamlaka hayo. Tunarudi palepale: mkoa ulihitaji kwanza kupewa uwezo.

Wageni wawili, kisima kimoja

Mtalii na mwekezaji hugombania vitu vilevile: ardhi ya ufukweni, maji, barabara, umeme wa jioni. Ukame ulipoibana Cape Town, kila mkazi alitakiwa kutumia maji yasiyozidi lita 50 kwa siku kuanzia 1 Februari 2018, na mji ukawa unahesabu siku kuelekea kufungwa kwa mabomba. Hapo mwenye hoteli, mwenye shamba la mizabibu na mwenye kiwanda waligundua kwamba wote wananing'inia kwenye mabwawa yaleyale. Mkoa unaochora ramani yake mapema, ukasema hapa kiwanda, hapa hifadhi, hapa mji, na maji ya kila kimoja yanatoka huku, huwa umetatua nusu ya migogoro kabla mgeni yeyote hajatua.

Shannon, magharibi mwa Ireland, ni mahali ambapo wageni wote wawili walialikwa kwa akili moja. Ndege zilizovuka bahari ya Atlantiki zilikuwa zikitua pale kujaza mafuta, na mwaka 1947 Brendan O'Regan alifungua duka lisilotozwa ushuru, la kwanza la aina yake katika kiwanja cha ndege. Ujio wa ndege za jeti ulitishia kuufuta uwanja, kwa kuwa zingeweza kupita bila kutua. Wenyeji hawakungoja. Mwaka 1959 lilianzishwa shirika la maendeleo la eneo hilo, na kando ya uwanja likatengwa eneo huru la viwanda, ambapo malighafi ziliingia kwa ndege bila ushuru na bidhaa zikatoka. Kwa watalii, walianzisha karamu za jioni za mtindo wa kale katika ngome ya Bunratty, ili abiria awe na sababu ya kulala. Chuo cha hoteli kilikuwepo tangu 1951. Mji mpya ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mwaka 1980 ujumbe wa China uliokuwa na Jiang Zemin, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo, ulikwenda kujifunza Shannon, mwaka uleule Shenzhen ilipopewa hadhi yake.

Bilbao, mkoani Bizkaia, Uhispania, hutajwa kwa namna inayopotosha. Makumbusho ya Guggenheim, yaliyogharimiwa na serikali ya jimbo la Basque na ya mkoa huo, yalifunguliwa Oktoba 1997, na tangu hapo miji mingi duniani imejenga jumba la ajabu ikisubiri muujiza uleule. Wanachosahau ni kwamba treni ya chini ya ardhi ilitangulia mwaka 1995, mto uliokuwa umekufa kwa taka za viwanda ulikuwa ukisafishwa tangu miaka ya 1980, na bandari ilikuwa ikisogezwa kuelekea baharini kuacha ukingo wa mto wazi. Mgeni aliyekuja kuona jengo alikuta mji unaotembeleka.

Limebaki suala la kupima. Makongamano ya uwekezaji hufungwa kwa kutangaza thamani ya hati za makubaliano zilizosainiwa. Hati ya makubaliano ni nia, haimfungi mtu. Mkoa ulio makini hufuatilia kila jina kwa hatua: amesaini, amekuja kuona kiwanja, amepata kibali, amechimba msingi, ameajiri, ameongeza mtaji. Idadi hupungua kwa kila hatua, na mahali inapopungua ghafla ndipo penye ugonjwa. Wengi wakipotea kati ya kiwanja na kibali, tatizo liko kwenye ofisi fulani yenye mlango unaojulikana. Wakipotea kati ya kibali na msingi, huenda ni umeme au benki. Kwa utalii hali ni hiyohiyo: hesabu idadi ya usiku ambao wageni walilala, fedha zilizonunua vya hapohapo, na wangapi wamerudi.

Kufuatilia huku hakuhitaji mtambo mkubwa. Huhitaji mtu mmoja mwenye daftari, anayejua majina, na ambaye habadilishwi kila uongozi unapobadilika. Mwaka wa 3 baada ya utepe kukatwa, anapiga simu kiwandani kumuuliza meneja kama lile bomba lililokuwa likivuja karibu na lango limerekebishwa.